Mtu wa Kodi

Watu wakisikia naendesha basi la wazee hunihurumia. Wasinihurumie. Nimeendesha mabasi mekundu ya London miaka na miaka, nikitukanwa na watu wasiolijua hata jina langu. Sasa nimestaafu, naendesha basi dogo la klabu yetu ya Thamesmead, pembeni mwa jiji, natukanwa na watu wanaonijua vizuri. Mie nayahesabu hayo kuwa maendeleo. Jina langu Ameir, mtu wa Unguja, na kama kuna jambo linaloniudhi ni mtu kuniambia nipunguze hasira, kwa sababu hasira sina, nina sauti kubwa tu.

Klabu yetu ni ya wazee wanaosema Kiswahili. Tuko Waunguja, tuko Wahindi na Makalasinga wa Kenya na Uganda, tuko Wakongo wa Kivu. Asubuhi nilikuwa nawazungukia majumbani, nawapeleka kwenye ukumbi wa kaunsili, yaani serikali ya mtaa, na pale tunakula, tunacheza karata na kubishana nani kati yetu anasema Kiswahili chenyewe. Anayesema Kiswahili chenyewe ni mie, lakini wamekataa kulikubali hilo, basi tunabishana. Basi letu si la kaunsili. Kanisa la Wakongo na msikiti wetu wa Woolwich walichangishana wakalinunua, na hadi leo kila upande unaamini umetoa zaidi.

Nataka mumjue Mama Sidonie, maana habari hii ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote. Mama Sidonie si mzee, ni mke wa mzee. Mumewe, Mzee Zéphyrin, alikuwa mwalimu Bukavu, na sasa ana maradhi ya kusahau. Kwanza alisahau Kiingereza, na kwa hilo sikumlaumu. Kisha Kifaransa chake, ambacho zamani alikuwa akitutesa nacho, nacho kikaenda. Kimebaki Kiswahili. Ukimsemesha kwa Kiswahili anajibu, anakula mwenyewe, anakukosoa, anakuibia kwenye karata. Ukimsemesha kwa lugha nyingine anakutazama kwa adabu na kunyamaza, na akinyamaza sana huondoka kwenda kuwatafuta watu wake. Mara moja alikutwa ukingoni mwa ziwa, kandambili miguuni na baridi ile, anamuuliza bata njia ya kwenda nyumbani. Baadaye tulicheka. Siku yenyewe hakuna aliyecheka.

Mama Sidonie anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawaogesha na kuwalisha wazazi wa watu, na ili aweze kwenda kuwaogesha wazazi wa watu, lazima mumewe awe na mahali pa kushinda, penye mtu wa kusema naye. Mahali hapo palikuwa kwetu. Akipakosa, anaacha kazi. Hesabu yake ilikuwa fupi kiasi hicho, na sote tuliijua.

Baada ya mwaka mpya akaja Emma wa kaunsili. Emma ni msichana mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Mtu mbaya ukimkasirikia unapata nafuu, lakini Emma anakuja na biskuti. Alikaa nasi, akatueleza kwamba kuanzia Aprili ukumbi hautakuwa wa bure tena, tutapangishwa kama wanavyopangishwa wengine, akataja na kiasi. Hata tungeliuza basi pamoja na dereva wake, kisingetimia.

"Kwani tumekosa nini?" nilimuuliza.

Hatukukosa kitu, alisema. Fedha zinazotoka serikalini zimepungua, na wazee wanaohitaji kutunzwa wameongezeka. Sheria inailazimisha kaunsili kumhudumia mtu akishaanguka, haiilazimishi kumzuia asianguke. Kwa hiyo ikipungukiwa, inaanza kukata kwenye vitu visivyo vya lazima.

"Na vitu vyenyewe ni sie."

"Kwa maana ya sheria tu, Bwana Ameir," alisema, uso umemwiva.

Mama Sidonie alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kumchukua mumewe. Alisikia yote. Aliinama akaanza kumfunga Mzee Zéphyrin vifungo vya koti, akakosea kimoja, akavifungua vyote akaanza upya. Nilitaka kumwambia jambo la kumtuliza, nikaishia kumshikia mlango.

Wiki ile nzima ukumbini neno lilikuwa moja tu, kodi. Kodi ya ukumbi tutaitoa wapi, nani wa kumwomba atupunguzie kodi, kodi gani hii ya kuwaua watu. Ndipo Mama Balwinder akaweka karata zake chini.

Mama Balwinder ni mjane, Kalasinga mzaliwa wa Kisumu, anaishi na mwanawe kwenye nyumba kubwa juu huko Shooters Hill. Kiswahili chake hakina ngeli, na hakijawahi kuzihitaji.

"Nyinyi nalia kodi," alisema, "na mimi iko hapa? Kijana yangu Gurmit, kazi yake iko kodi tu. Makampuni kubwa kubwa nakuja kwake, nalia kama nyinyi, yeye napunguza. Wengine napunguza mpaka sifuri."

Karata zote zikawekwa chini. Sifuri lilikuwa neno tamu mno siku ile.

"Mama Balwinder," nilimwambia, "miaka yote hii tunakula sufuria moja, kumbe una mtoto wa kupunguza kodi, na umekaa naye kimya?"

"Nani aliuliza?"

Basi tukamwita. Hakuna aliyefikiria kuuliza swali la pili, hata mie mwenye Kiswahili chenyewe.

Gurmit alikuja Alhamisi moja mchana, akitokea Canary Wharf, kwenye ofisi za wenye fedha. Maghorofa ya huko unayaona kutoka kwetu, ukisimama pale ninapoegesha basi, mbali kule ng'ambo ya mto. Ni mtu wa makamo, kilemba cha buluu kimekaa sawasawa, viatu vya kuogopa matope. Kiswahili anakielewa chote kwa kuwa mama yake amemlea nacho, lakini hukijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wote waliozaliwa hapa. Maneno yake nitayasema kwa Kiswahili, ila mjue kwamba yeye aliyasema kwa Kiingereza.

Tulimlisha kwanza. Kisha nikamwambia, "Mwanangu, tumeambiwa wewe unapunguza kodi."

"Ndiyo, Anko. Kwa ufupi, ndiyo kazi yangu."

"Unaweza kutupunguzia na sie?"

Alitazama meza za plastiki, akatazama sufuria. "Klabu inapata faida kiasi gani?"

"Faida gani? Sie tunakula tu."

"Hampati faida yoyote?"

"Hata senti."

"Basi hamna tatizo," alisema, akatabasamu. "Kama hakuna faida, kodi yenu ni sifuri. Hamdaiwi."

Nawaambia kweli, nusura nimkumbatie. Mzee Amir wa Kampala, ambaye kwa kawaida analala baada ya kula, aliamka akapiga makofi. Mama Balwinder aligeuka huku na huku kuhakikisha kila mtu amesikia.

"Na Emma nimwambie vipi?" niliuliza.

"Mwambie hivyo hivyo. Ila mkija kupata faida, mniarifu mapema, tuitafutie klabu mahali pazuri pa kuhamia. Kisiwa cha Jersey, kwa mfano. Au Dublin."

"Dublin hii ya ng'ambo ya bahari? Mwanangu, wengine humu hata Woolwich wanaona mbali. Nani atawaendesha mpaka Dublin?"

"Wazee hawahami, Anko. Wazee wanabaki hapa hapa. Inayohama ni klabu."

Hapo nikaona ama yeye kachanganyikiwa ama mie. Tukabaki tunatazamana, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Aliyetuokoa ni Mama Sidonie. Siku hiyo hakuwa na zamu, alikaa ubavuni mwa mumewe akimmenyea chungwa.

"Papa Ameir," alisema polepole, "huyu mtoto anasema kodi ya Leta." Leta ndiyo serikali, kwa Wakongo. "Kwetu kodi ni ile unalipa Leta. Ya nyumba, tunasema tu kulipa nyumba. Nyinyi vyote munaita kodi. Yeye anasema ingine, nyinyi munasema ingine."

Mzee Amir ndiye aliyeanza kucheka, kisha tukaangua sote. Gurmit alipoelewa kwamba tulimwita kwa ajili ya pango la ukumbi, alicheka mpaka akavua miwani. Aliyebaki na uso mkavu ni mama yake peke yake.

"Kodi iko kodi," alisema, akarudi kwenye karata zake.

Mama Sidonie alingoja kicheko kiishe. Hakuwa mtu wa maswali, ndiyo maana alipouliza tulimsikiliza.

"Sasa hao ma-kampuni unasaidia, kodi yao inaenda wapi?"

Gurmit alivuta vikombe vitatu vya chai vikakaa mbele yake. Hiki Uingereza, hiki Dublin, hiki kisiwa fulani. Kampuni inauza bidhaa zake hapa, alisema, lakini jina lake na alama yake vimesajiliwa kule. Basi kampuni ya hapa inailipa kampuni dada ya kule kwa kutumia jina, na faida yote inaonekana kule, ambako kodi ni ndogo. Hapa haionekani faida kubwa.

"Na serikali inaona?" niliuliza.

"Inaona. Lakini ikiwabana wanasema wataondoka na kazi zao. Kwa hiyo nchi moja inapunguza kodi, jirani yake inapunguza zaidi, ya tatu inaogopa kubaki nyuma. Huku wazee wanaongezeka na hospitali zinataka fedha. Serikali haijapunguza matumizi, Anko, inatumia nyingi kuliko zamani. Lazima imtoze mtu. Inamtoza asiyeweza kuhama."

"Ndiyo nani huyo?"

Alivitazama vikombe. "Mwenye mshahara. Mwenye nyumba. Anayenunua sabuni."

"Miye," alisema Mama Sidonie. "Yangu wanakata mbele sijaiona. Sijue hata sura yake."

Nikamgeukia Gurmit. "Lakini humu ndani sote tulihama," nilimwambia. "Mama yako alihama Kisumu. Mie Unguja. Hawa wametoka kwao kwa miguu na vita nyuma yao."

"Mlihama mkafika, Anko, mkakaa. Pesa inahama kila asubuhi. Na yote ninayofanya ni halali."

"Sikusema haramu. Nauliza kesho Mzee Zéphyrin atakaa wapi."

Gurmit alivirudisha vikombe mahali pake. Alisema anasikitika, mambo ya pango hayajui, angemwuliza rafiki yake mmoja mwanasheria. Mzee Zéphyrin, aliyekuwa akimsikiliza muda wote kwa makini ya mwalimu, alimsogezea kipande cha chungwa. "Kula," alimwambia, "umesema sana." Gurmit akakila. Alipoondoka, mama yake hakumsindikiza mlangoni, alisema magoti yanauma.

Mwisho wa Machi tuliosha sufuria, tukampa Emma funguo. Emma alilia. Nikajikuta mie ndiye ninayembembeleza, jambo ambalo pia liliniudhi.

Jumapili ile Mama Sidonie akanipigia simu kuniambia amemwarifu bosi wake. Ataacha kazi Ijumaa. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekwambia duka limefungwa. Atakaa nyumbani na mumewe, ataomba msaada wa serikali. Nilipoweka simu chini nilikasirika, na hiyo ilikuwa hasira khasa, si sauti. Mwanamke huyu alikuwa anailipa Leta, na sasa Leta itaanza kumlipa yeye, yote ili Leta isilipie ukumbi. Anayeielewa hesabu hiyo anieleze, mie nimeshindwa.

Jumatatu asubuhi niliwasha basi bila kujua naenda wapi, nikajikuta mlangoni kwa Mama Sidonie. Mzee Zéphyrin alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, koti mwilini, kofia kichwani.

"Yuko pale tangu asubuhi," Mama Sidonie aliniambia. "Namwambia leo hakuna basi. Ananiambia, mama, wewe haujue Ameir."

Maneno yale yaliniingia. Nikamwambia Mama Sidonie nimpakie mzee, nikamzungushe kidogo, na yeye aende zake kazini. Basi likapanda mlima hadi kwa Mama Balwinder, kwa sababu ndiyo njia niliyoizoea. Alitoka nje na shali yake, akachungulia madirishani.

"Wengine iko wapi?"

"Majumbani kwao. Ukumbi si umefungwa, umesahau?"

"Mimi hapana sahau. Lete wote hapa."

"Gurmit anajua?"

"Gurmit alisema mwenyewe. Mtu iko na akili natafuta pahali kodi iko kidogo, nahamisha kitu yake huko. Mimi nasikia vizuri sana siku ile. Hapa kwangu kodi kiasi gani?"

"Sijui, mama."

"Sifuri," alisema, akaingia ndani kuteleka chai.

Mie ni nani wa kubisha? Niliwapitia wote, mmoja mmoja, na hakuna aliyehitaji kubembelezwa. Tulipofika, Mama Balwinder alikuwa jikoni na mlango ameuacha wazi. Nikawaambia waingie. Mzee Zéphyrin akasimama kizingitini, akakataa.

"Ingia, mzee. Mlango uko wazi."

"Ni nyumba ya mtu," alinijibu. "Hodi."

Mama Balwinder hasikii vizuri akiwa na maji yanachemka. Mzee Zéphyrin akatafuta pa kubisha, akaikuta kengele, akaibonyeza. Sasa kengele ya nyumba ile ina kamera, na ukiibonyeza inampigia Gurmit simu huko huko kazini. Ikatoa mlio, kisha ikasema kwa Kiingereza, "Halo? Nani hapo?"

"Hodi," Mzee Zéphyrin aliiambia kengele.

"Mama yuko wapi? Kuna nini? Nani hao nyuma yako?"

"Hodi."

Nilitaka kuingilia kati, Mzee Amir akanivuta mkono. Upepo ulikuwa unavuma, wazee wamejipanga kwenye njia ya bustani na fimbo zao, na Mzee Zéphyrin amesimama wima mbele ya kile kitufe, mikono nyuma. Hakuwa na haraka. Kwa upande wake, mwenye nyumba yumo ndani na anajua adabu, atajibu tu.

"Hodi," alisema kwa mara nyingine.

Kengele ikakohoa. Kisha ikasema, kwa Kiswahili na kwa sauti ndogo, "Karibu."

"Asante, mwanangu." Akapangusa viatu, akaingia, nasi nyuma yake.

Gurmit alirudi mapema siku hiyo. Alisimama sebuleni kwake na koti lake. Mzee Amir alikuwa amelala kwenye kochi jeupe. Karata zilikuwa zimetapakaa kwenye meza ya kioo. Gurmit alianza na bima, akaja kwenye majirani, akaja kwenye hatari ya moto, na mama yake alimwacha aseme mpaka mwisho.

"Mlangoni nani alisema karibu?" alimuuliza.

Gurmit akavua koti.

Mzee Zéphyrin akavuta kiti kimoja nyuma. "Unacheza ama unasimama tu?" alimwambia. "Mtu akisimama hivyo anatuletea baridi."

Akakaa. Nakubali kwamba alicheza vibaya sana.

Jioni hiyo Mama Sidonie alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake chini ya koti. Alimkuta mumewe anamsomesha Gurmit namna ya kushika karata, anamgombeza kama alivyokuwa akigombeza darasa zima huko Bukavu. Mama Sidonie alikaa kwenye ngazi, pale pale karibu na viatu, akalia kimya kimya huku anacheka. Ijumaa ilifika na hakuacha kazi.

Tumekaa hivyo majira yote ya kuchipua, na mie nilidhani habari imeishia hapo, kwa furaha. Kisha juzi akapiga simu Emma.

Tulikuwa tumeshamaliza kula, Mama Sidonie amekuja na anamvisha mumewe koti. Mikono yangu ilikuwa na povu la vyombo, nikaiweka simu kwenye kaunta na kuifungua sauti. Kwa hiyo walimsikia wote. Emma alikuwa na furaha. Amesikia kwamba tumepata mahali, wakubwa wake wamesikia pia. Jumatano kaunsili inakaa kujadili kuzipangisha kumbi nyingine nne zenye wazee kama sisi, na wanataka kututaja kama mfano. Familia zimejipanga zenyewe, alisema, na hakuna aliyeumia. Je, ningependa kutuma picha?

Sebuleni walikuwa wameacha karata. Hata Mzee Amir alikuwa macho.

"Papa Ameir," Mama Sidonie alisema, mkono wake bado uko kwenye kifungo cha koti. "Umuulize. Mama Balwinder akikufa, sisi tunaenda wapi?"

Niliona haya. Mwenye nyumba alikuwa amekaa pale pale, na birika mkononi.

"Uliza," alisema Mama Balwinder. "Mimi hapana kasirika. Mimi nakufa pole pole, lakini nakufa."

Nikamwuliza Emma kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nikamwambia mama huyu ana presha na sukari na miaka karibu themanini, na ukumbi wao haukuwa na presha wala sukari. Nikamwambia hao wazee wa kumbi nne sijui wana watoto gani, na hao watoto wana sebule gani. Sikupandisha sauti. Emma akasema kwamba hilo hajui, hakuna aliyeliuliza.

Gurmit alikuwa amesimama kwenye ngazi. Siku hiyo alikuwa anafanyia kazi nyumbani, na nadhani alishuka kutafuta chai.

"Mkutano ni lini?" aliuliza.

"Jumatano asubuhi," nilimjibu.

"Jumatano asubuhi nina mteja. Anatoka Dublin."

Nilipangusa povu mikononi. Mama yake hakugeuka kumtazama, alikuwa anammiminia Mzee Zéphyrin kikombe cha mwisho kabla hajaondoka, na birika lilimlemea mkono, chai ikamwagika kidogo kwenye sahani. Mzee Zéphyrin alimwinulia kikombe ili asihangaike. Gurmit alikuwa anautazama mkono ule. Nilimwona.

"Mimi nahamisha mteja," alisema.

Alisema kwa Kiswahili, Kiswahili cha mama yake hasa. Emma, ambaye bado alikuwa kwenye simu, aliuliza kumetokea nini. Nikamwambia hiyo Jumatano atuwekee viti viwili, mie nakuja na mtu wa kodi.